Alama ya Mbaluka na Chuma Kisichoshika Kutu

Migwani, 9 Februari 2024

Kwa Mwau, mtoto wa dada yangu Kathini,

Mimi Muthama wa Mbaluka nina miaka themanini na mbili na hakuna mtu amenishika mkono kuvuka mto. Nimezika ndugu zangu wa kiume wote wanne. Nimewapita machifu watano, njaa ya mwaka wa themanini na nne, nyoka mmoja aliyeniuma kisigino, na yale malori ya Bedford ambayo springi zake ndizo nilikuwa nafulia visu. Malori yameisha barabarani. Visu bado vinakata. Nasema haya mapema ili ujue ni nani anakujibu.

Hapa nyumbani hatujambo. Ndengu tumevuna, si nyingi lakini hatutaenda kuomba kwa mtu. Mbithe mke wangu anasumbuliwa na goti, na anasumbua watu kwa sababu ya goti. Msalimu mama yako, umwambie ile mbuzi aliyosema haitazaa imezaa mapacha.

Barua hii naandika mimi mwenyewe. Herufi zikilala, ni kalamu. Simu siisikii. Nyundo ilikula masikio yote mawili, na nikiwekewa simu nasikia kama mende ndani ya kopo. Mbithe angenisomea ujumbe wako kwa kelele, lakini maneno ya chuma hayapitii kwa mtu mwingine. Wewe niandikie, upatie dereva wa gari la maembe, atafikisha.

Sasa. Kisu cha kukunja ulichompa mama yako aniletee Krismasi nimekiona. Mpini ni wa muvingo, yaani mpingo, umeupiga vizuri. Kinafunguka kwa kidole kimoja na kikifungwa hakichezi. Hilo ulijifunza kwangu, kwa hivyo nikikusifu najisifu. Lakini bapa ni stenlesi. Mwau, stenlesi ni sufuria. Stenlesi ni kijiko cha kukoroga chai.

Na unaomba nikupe muhuri wa baba yangu ugonge alama yetu kwa visu kama hivyo. Hata kama unajua nitakukumbusha. Ile mistari miwili na ndoano, babu zetu walikuwa wakiichoma kwa ng'ombe na kuikata kwa mizinga ya nyuki, ijulikane ni mali ya ukoo gani. Baba yangu Mbaluka ndiye aliihamisha kwenye visu. Mtu wa hapa mpaka Mbooni akiiona alama hiyo haulizi swali la pili. Haijawahi kugongwa kwa sufuria.

Hata hivyo mimi sihukumu bila kesi. Nimeweka sumaku, imeshika, kwa hivyo si sufuria kabisa. Nimegusisha mgongo wake kwa grainda ya kijana wa welding, cheche zimetoka chache, fupi, nyekundu, kama mtu anayejibu polisi. Springi hutoa cheche kama maua. Nitakijaribu kwa njia yangu halafu nitakuambia ukweli, na ukweli wangu unajua hauna sukari.

Ni mimi mjomba wako,
Muthama


Kalamba, 27 Februari 2024

Kwa Mjomba Muthama,

Nakusalimu sana, wewe na Mama Mbithe. Sisi tuko salama. Mama ameisoma barua yako mara mbili, akacheka pale pa mbuzi, kisha akasema uliwahi kumwambia hivyo hivyo juu ya ng'ombe na ng'ombe hakuwahi kuzaa. Machungwa yameanza kuiva. Mwanao Kitonga hajambo? Hukumtaja. Mara ya mwisho nilisikia kanisa lao limepata kiwanja.

Mjomba, hujakosea kuuliza juu ya chuma hicho. Hata mafundi wengi Nairobi hawakijui. Nilikipata Industrial Area, pleti iliyobaki ya mtu aliyeagiza kutoka Austria. Imeandikwa N690. Sufuria ina kromi ya kuzuia kutu, lakini kaboni karibu haina, ndiyo maana haiwezi kushika makali hata ukiipiga mwaka mzima. Hiki kina kromi nyingi na kaboni nyingi pamoja, na kobalti kidogo. Ni chuma cha kisu, ila ni kisu kisichoshika kutu.

Nilianza kukitafuta kwa sababu ya watu wa hapa wanaopandikiza miche. Unajua wakikata kikonyo cha chungwa au cha embe kwa kisu cha springi, maji yake yanakula makali na bapa linakuwa jeusi, na weusi unabaki kwenye kidonda cha mti. Yuko mama mmoja kule Mbooni, Kanini, anapandikiza machungwa na parachichi. Nilimpa kimoja Novemba. Anasema bado kinang'aa, na ule unoaji wa kila asubuhi sasa anaufanya siku ya Jumamosi peke yake.

Kuhusu muhuri, naomba uelewe. Naweza kuandika MWAU kwenye kisu, hakuna wa kunizuia. Lakini nilivuta mvukuto kwako kila likizo tangu darasa la nne. Ulinipiga kofi nilipoacha koleo ndani ya moto. Nikigonga jina langu peke yake itakuwa kama nilijifundisha. Sitaki visu vyangu viwe vya mtu asiyetoka mahali.

Nangoja neno lako.

Mtoto wa dada yako,
Mwau


Migwani, 20 Aprili 2024

Kwa Mwau,

Mvua imetupiga sana. Daraja la mto lilifunikwa na gari la maembe halikupita wiki mbili, usiseme nimenyamaza. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha amekufa. Usimwambie mama yako. Mbithe ameanza kutembea bila fimbo na sasa anaitumia kunionyesha kazi.

Kisu chako nimekijaribu. Mwanangu, pole.

Nilikata kamba ya mkonge, ikakatika nusu, nusu nyingine nikaisaga kama ng'ombe. Nilimpa Mbithe amenye embe bichi, akamenya mawili akachukua kisu chake cha zamani bila kuniambia kitu, na wewe unajua Mbithe asipokuambia kitu. Nilipitisha tupa kwenye makali. Tupa ilikula chuma kama inakula kucha. Mimi nimefua visu miaka sitini, tupa haijawahi kula kisu changu. Inateleza, inalia, inarudi.

Kwa hivyo huyo mtu wa Austria amekuuzia kijiko kirefu. Alama ya baba yangu haitagongwa hapo. Sisemi wewe ni fundi mbaya. Mikono yako ni mizuri kwa sababu naijua ilikotoka. Ni chuma chako ndicho hakina uti.

Nakurudishia kisu na dereva huyu. Kiangalie mwenyewe. Ukitaka springi ya kweli, iko moja ya lori la Leyland nimeifukia nyuma ya choo, hata Mbithe hajui.

Kama kuna mtu amekuambia nina sababu nyingine, huyo mtu anaongea kwa kukosa kazi.

Muthama


Kalamba, 6 Mei 2024

Kwa Mjomba Muthama,

Salamu kutoka kwa wote. Pole kwa mvua. Mama aligundua juu ya mbuzi, sijui vipi. Mtoto wetu mkubwa ameingia kidato cha kwanza, anasema atakuja kukuona Agosti. Bado nauliza Kitonga.

Kisu kimefika. Nimekaa nacho siku kadhaa kabla ya kuandika, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na joto.

Mjomba, pini niliyoweka ilikuwa ya shaba. Hii iliyomo sasa ni msumari uliokatwa. Imepigwa vizuri sana, mtu mwingine hangeona. Na ndani ya mpini, pale msasa haufiki, bapa lina rangi ya zambarau na buluu. Rangi hiyo inatoka kwa moto peke yake.

Najua desturi ya kibanda chako. Chuma cha kigeni hakilali humo kabla hakijapita motoni, ukione kikiwa chekundu ukijue. Uliniambia hivyo nikiwa mdogo na nilikuwa nangoja siku zote kuona chuma kigeni kikiingia. Sikulaumu. Nilipaswa kukuandikia mapema, ni kosa langu.

Springi ikipata wekundu wa moto wako wa mkaa, ukaitumbukiza kwenye mafuta, inakuwa ngumu. Hiki hapana. Wekundu huo kwake ni wa kukilegeza. Kinataka joto kubwa zaidi, rangi ya machungwa inayokaribia njano, kikae hapo kwa muda bila kupungua, mkaa hauwezi kukishikilia sawasawa. Mimi napeleka kwa mtu wa vyungu Machakos, ana tanuri ya umeme yenye kipimo. Tunakifikisha digrii elfu moja na sabini, kisha nakibana kati ya vipande viwili vya alumini kipoe haraka. Kisu ulichojaribu kilikuwa kimekufa tayari. Ulipima maiti.

Nakutumia kingine. Usikifungue pini. Kinoe, kitumie, kitukane, lakini kisione moto.

Na sasa niulize jambo moja, unisamehe. Kama ni chuma, tutamaliza hiyo hoja kwa kukata vitu. Lakini kama ni kwa sababu mimi ni wa ukoo wa baba yangu na si wa Mbaluka, niambie tu. Nitaandika MWAU na maisha yataendelea. Ninachoogopa ni kuendelea kukuletea visu wakati jibu halimo ndani ya kisu.

Mwau


Migwani, 15 Agosti 2024

Kwa Mwau,

Mtoto wako amefika, amekula, amelala, amekula. Ana kichwa kizuri. Nimempa barua hii alete. Mbithe anamsalimu mama yako na anauliza kama bado ana mbegu ya zile mbaazi fupi.

Nimekaa miezi mitatu bila kukujibu na sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira. Ile ya kuambiwa nilipima maiti. Mtu wa umri wangu kuambiwa hivyo na mtu niliyempangusa makamasi. Nilianza kukujibu mara mbili nikatupa karatasi motoni, na karatasi ilikuwa na matusi mazuri sana.

Ndiyo, nilikitia moto. Hilo si kosa, hiyo ni desturi ya kibanda, na ningeulizwa leo ningekitia tena. Ila nakubali kwamba desturi hiyo ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuona chuma kinachotaka umeme. Andika hapo kwamba Muthama amekubali jambo, maana halitatokea tena hivi karibuni.

Kile cha pili sikukitia moto. Nilikiweka juu ya rafu nikakiangalia kama mgeni aliyekuja na begi. Juni Mbithe alikichukua bila ruhusa akamenyea maembe na ndimu jikoni. Ndimu, Mwau. Akakiacha na maji ya ndimu usiku kucha juu ya sinki. Asubuhi nilikimbia nikijua nimeshinda. Hakuna hata doa. Changu cha springi kingekuwa na ramani ya Kenya.

Basi nikaingia kazini. Tupa imeteleza. Nimechinjia jogoo, nimekatia mkonge hadi mkono ukachoka kabla ya makali. Nimechonga mpini wa jembe kwa mti wa mukau uliokauka. Makali yalikaa. Nakuambia ukweli kwa sababu mimi si mtu wa kuogopa ukweli, hata ukiwa wa mtu mwingine.

Lakini usianze kupiga vigelegele. Kina ubaya wake na nitausema wote. Kwanza, kikishafika siku ya kuwa butu, jiwe la mtoni halikisikii. Nilinoa asubuhi nzima jiwe likaisha kabla ya kisu. Mzee wa Kalamba atanoa na nini? Pili, sikipendi kwa sauti. Mbithe anasema ukikigonga na ukucha kinalia juu, kama kioo. Chuma kinachopenda kulia hivyo kinapenda kuvunjika kipande. Mtu akikipinda pembeni akitafuta mfupa, kitameguka. Umewaambia wateja hilo?

Umeuliza kama ni chuma au ni ukoo. Wewe una mdomo wa mama yako. Alama inapita kwa baba kwenda kwa mwana. Si mimi nilipanga. Ukiuliza wazee watakuambia mtoto wa dada ana kwao.

Kitonga ana afya. Anahubiri.

Muthama


Kalamba, 2 Septemba 2024

Kwa Mjomba Muthama,

Asante kwa kumlisha yule mtoto, amerudi shati likiwa limembana. Mbaazi fupi mama anazo, zinakuja na kifurushi hiki.

Asante kwa kukitendea haki kisu. Nimeisomea familia nzima pale pa ramani ya Kenya.

Yote mawili uliyosema ni kweli. Kwa kunoa, naweka sasa ndani ya kila kifurushi jiwe dogo la kiwandani, kijivu upande mmoja na jekundu upande wa pili. La mtoni halikiwezi. Kwa kumeguka, ni kweli pia. Kanini alikitumia kubandua ganda la mti mkavu akikipindapinda, pakatoka kipande kidogo kama punje ya mtama. Alinirudishia akiwa amenuna. Nilikisugua upya akangoja. Nimeongeza unene kidogo nyuma ya makali na nimewaambia wote: hiki ni cha kukata, si cha kubandua. Lakini mtu akishaambiwa huwa anafanya anavyotaka.

Sasa neno la haraka. Nina mabapa yaliyokwisha kukatwa na kupigwa tupa, bado laini. Mtu wa vyungu anahamisha tanuri yake kwenda Mombasa mwishoni mwa Novemba. Lazima yaingie kabla ya hapo. Unajua kuliko mimi kwamba muhuri unagongwa chuma kikiwa laini. Kikitoka kwa tanuri kimekuwa kigumu, ukigonga utavunja muhuri wa babu. Kwa hivyo yataingia na alama, au yataingia bila alama na yatabaki hivyo milele.

Sitakuuliza tena. Kama hakuna muhuri kufikia tarehe ishirini Novemba, nitagonga MWAU. Sitakuwa na kinyongo, nitakuja Krismasi kama kawaida.

Mwau


Migwani, 28 Oktoba 2024

Kwa Mwau,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na mama yako awe karibu. Sisi wazima. Mbaazi zimepandwa. Mvua inatisha tu haijashuka.

Barua yako ya Septemba ilinikasirisha kidogo tu. Mtu kunipa tarehe. Baadaye nikaona mtu asiyeweza kunipa tarehe hastahili muhuri, nikaita wazee wa ukoo hapa nyumbani Jumamosi iliyopita. Nilimnunua beberu kwa Liban, yule mfanyabiashara wa mifugo wa Mwingi, nikamwambia achinje yeye mwenyewe kwa njia yao ya Kiislamu ili naye ale, maana nilitaka shahidi asiye wa ukoo wetu.

Kitonga alikuja. Aliomba, tukasema amina, halafu nikasimama nikaeleza jambo lako. Nikasema kwanza namuuliza mwanangu mbele ya watu. Kitonga akasimama akasema hautaki muhuri ule, na watoto wake hawatautaka, kwa sababu alama za zamani zina mambo ya zamani ndani yake. Alisema kwa sauti ya madhabahuni, ndiyo maana niliisikia. Hao wengine wanajua nilivyo, huongea nami kwa kupiga kelele. Neno hilo nimelijua miaka mingi lakini lilikuwa halijatamkwa. Nilikuwa nalipita kando kama shimo la njiani. Nilimwambia, "Sawa. Keti ule nyama." Hakukaa, alikuwa na mazishi. Lakini alinishika bega akipita.

Ndipo Nthiwa akaanza. Nthiwa ni mtoto wa baba yangu mdogo, ana miaka sabini na sita na anafikiri huo ni uzee. Akasema, "Huyo Mwau ana ukoo wa baba yake. Akitaka alama akaombe kwao. Na hicho chuma chake kinang'aa kama jino la dhahabu la tapeli."

Nikamwambia, "Toa kisu chako."

Akatoa. Ni changu, nilimfulia akiwa kijana, kina alama. Nikampa Nthiwa upande wa kushoto wa beberu, mimi nikachukua wa kulia na kisu chako. Tukachuna. Watu wakasimama kuangalia kama wanatazama mpira. Nthiwa alisimama kunoa mara ya kwanza kwenye paja. Akasimama tena kwenye shingo. Mimi sikusimama. Liban akamwambia, "Mzee, huyo mbuzi wako ana mawe ndani?" Watu wakacheka, na Nthiwa hapendi kuchekwa. Nilipomaliza nikapangusa bapa kwa nyasi, nikanyoa nywele za mkono wangu mbele yao. Zinatoka. Mkono wangu sasa una upara hapo, njoo uone.

Nilikuwa nimeshinda, ungesema. Ngoja.

Nthiwa akasema, "Lete na mimi nikijaribu." Nikampa. Akaenda moja kwa moja kwenye kiungo cha nyonga, akaingiza ncha katikati ya mifupa akakipinda. Mimi nilimwona. Alijua anachofanya, mimi mwenyewe nilimwambia udhaifu huo wakati tunakunywa chai, kwa mdomo wangu wa kujisifu. Mbithe anasema kililia tik. Ncha ikabaki ndani ya mfupa.

Akainua kisu juu. Akasema, "Hiki ndicho mnataka kukiandikia jina la Mbaluka?"

Nakuambia Mwau, niliona muhuri unaenda kaburini na mimi. Wazee wengine walishaanza kutafuta fimbo zao.

Sikukitetea kisu. Nilimuuliza, "Nthiwa, hicho chako cha springi kiliwahi kukunjika ncha, nakosea?"

Akasema, "Kilikunjika. Mwaka ule wa nzige."

"Ulikipeleka wapi?"

"Nilikileta kwako. Ningekipeleka wapi tena?"

"Ulikuja ukisema nini?"

Mke wake alikuwa pale, akamtangulia akasema, "Alikuja akikutukana kutoka barabarani."

Nikasema, "Na mimi nilifanya nini?"

Nthiwa akasema, "Ulikinyoosha."

Basi nikawaambia wote, na hapa nataka uandike moyoni. Hakuna mahali alama ile inasema kisu hakitavunjika. Hakuna chuma cha hivyo, si springi, si cha Austria. Alama inasema nani wa kutukanwa kikivunjika, na mlango wake uko wapi. Baba yangu alitukanwa. Mimi nimetukanwa miaka sitini na sijamfukuza mtu. Nikawauliza, "Mimi nikifa mtamtukana nani? Kitonga amewaambia mlango wake umefungwa. Nani hapa ana mtoto anayejua koleo?" Mmoja akasema wake anauza simu Kitui mjini.

Nikasema, "Yuko mmoja Kalamba. Mama mmoja wa Mbooni alimrudishia kisu akiwa amenuna, na hakumwambia ni makosa yako mama. Alikisugua upya. Hiyo ndiyo kazi. Damu yake ya baba mimi sijali, mkono wake niliutengeneza mimi."

Nthiwa alikaa akiangalia kile kisu kilichovunjika. Nyama ilipokuwa tayari akasema, "Akipewa muhuri, atanitengenezea hiki? Maana kilikuwa kinachuna vizuri." Hivyo ndivyo ukoo ulikubali. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikula.

Ndani ya kifurushi hiki kuna muhuri, umefungwa kwa kitambaa cha Mbithe. Ni mkongwe, usigonge ukiwa na hasira. Gonga mara moja, nyundo ya uzito wa kati, bapa liwe limelala juu ya chuma kinene kisichoruka. Gonga kabla ya tanuri. Jina lako la MWAU uliweke chini yake, dogo, ili watu wajue mlango wa sasa uko wapi. Hiyo si ruhusa, ni amri. Na desturi ya kupitisha chuma kigeni motoni, hiyo wewe ndiye utaamua, mimi nimeshaifanyia kazi yake.

Kuna pia kisu kilichovunjika ncha. Ni cha Nthiwa sasa, amekidai mbele ya watu. Kisugue kiwe kifupi kidogo, umnolee, kiwe tayari kabla ya Krismasi. Atakuja mwenyewe kukichukua, na matusi yake. Umpokee.

Kama kuna mtu wa ukoo wa baba yako, au yeyote huko Kalamba, atasema uliiba alama au ulidanganya mzee kiziwi, mwambie aulize. Mbithe alikuwepo, alisikia yote kwa masikio yote mawili. Liban wa mifugo alikuwepo, si ndugu yetu na hana sababu ya kutupendelea. Na asipotosheka na hao, amuulize Nthiwa. Atakunja uso, atasema mimi ni mtu wa majivuno, atazunguka kwanza kwenye mambo ya nzige. Lakini atasema ndiyo.

Muthama wa Mbaluka